Ngozi ya Shavu la Ng'ombe

Baba yangu alikuwa mtu wa remblai. Kazi yake chini ya ardhi haikuwa kuchimba bali kujaza. Wenzake wakishatoa shaba na kuacha chumba kitupu, kikosi chake kilikuja kumwaga mchanga na maji mpaka chumba kijae, ili mlima usije ukawakalia watu vichwani. Kazi hiyo ilimfanya atazame kila kitu chenye shimo kwa jicho la fundi. Barabara ya mtaa wetu wa Kapata, jino la jirani, sufuria iliyotoboka, vyote alivipima akiwaza vitahitaji nini. Kwa hiyo chunusi ziliponitoka usoni, zikaiva, zikapasuka na kuniachia mashimo mashavu yote mawili, mtu wa kwanza kuyakagua alikuwa yeye.

"Kaku," aliniambia. Nilibeba jina la mama yake, na kwetu watu wa Kasai mtoto wa namna hiyo baba humwita Kaku, yaani bibi, bila kuona haya. "Kaku, hii inaomba remblai."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya ualimu, na nilikuwa na hasira za mtu anayejua kwamba kila anayezungumza naye anamtazama mashavu. Miezi michache mbele ilikuwa inaningoja leçon d'essai, yaani somo la majaribio: unapewa darasa la watoto wa kweli, wakaguzi wanakaa nyuma, nawe unafundisha huku wakikutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Bila somo hilo hakuna diploma. Na watoto wa darasa la kwanza hawajui kuficha macho. Wakiona kitu, wanakisema.

Mama hakuwahi kukalia dawati hata siku moja, ila mtaa mzima aliuambia kwamba kwake kunatoka mwalimu. Siku moja akiwa anachambua mchele, nikamtupia maneno yangu.

"Mama, kama hii uso haiponi, mi siende kusimama mbele ya batoto. Naacha masomo."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, na mimi nikaudhika zaidi kwa kuwa hakujibu. Kesho yake akaanza kunitibu.

Kwanza ilikuwa maziwa ya papai bichi, halafu limau, ambalo lilinichoma hata nikakimbia nyumba nzima. Halafu pemba, ule udongo mweupe wanaoutafuna wajawazito, aliuponda na kunipaka mpaka ndugu zangu wakawa wananiita mzimu. Baada ya hapo akaenda soko la Manika akarudi na sabuni ya kung'arisha. Siku zile redio ilituhimiza asubuhi na jioni tuwe Wazaïre halisi, turidhike na ngozi yetu, na mtaani kwetu wanawake waliosikiliza redio hiyohiyo walikuwa wanajichubua wakiimba nayo. Niliitumia. Uso ukawa na rangi mbili kama kitenge kilichochuja, na mashimo yakabaki palepale, sasa yakionekana vizuri zaidi.

Ndipo akanipeleka kwa daktari wa hospitali ya wafanyakazi, kijana wa kwetu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji. Alikuwa mpole. Alinigeuza uso dirishani, akagusa kila kovu, akaniambia kwanza niitupe ile sabuni kwa sababu ina zebaki. Kisha akaeleza kwamba ng'ambo wapo madaktari wanaokwangua makovu kwa kibrashi cha mashine, ila kwenye ngozi nyeusi huacha madoa. Na kuna dawa mpya kabisa, inatolewa kwenye ngozi ya ng'ombe, inasafishwa, inadungwa kwa sindano chini ya kovu, na shimo linainuka. Baada ya miezi inaisha mwilini, unadungwa tena. Hapa kwetu haipo, alisema, hata Kinshasa hajasikia.

Yote hayo aliyasema kwa Kifaransa, nami nikamfasiria mama neno kwa neno. Mama alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Tukashika njia ya kurudi. Tulipofika karibu na soko akasimama.

"Ngozi ya ngombe," alisema. "Si iko hapa?"

"Mama, ni ya sindano."

"Kinini ya malaria iko ya sindano, iko ya kumeza. Si ni kinini ile ile?"

Mpaka leo nikilifikiria swali lile naona lilikuwa swali zuri, na kwamba shule ya ualimu haikunifundisha namna ya kulijibu.

Hivyo tukaanza kula ngozi ya ng'ombe. Na si ngozi yoyote. Mwenye nyama pale sokoni Manika alikuwa Mwislamu, mtu mzima wa kutoka mashariki, mwenye adabu nyingi na kisu kirefu. Alimtolea mama kipande kizuri cha mgongo, kinene, chenye mafuta. Mama akakisukuma, akimwita tata, yaani baba, kama tumwitavyo mkubwa yeyote.

"Hapana, tata. Ya shavu."

"Mama, ya mugongo njo tamu."

"Ni ya kutengeneza uso ya mutoto. Kwa uso ya mutu utatia ngozi ya mugongo?"

Yule mzee akanitazama, akaelewa au akajifanya ameelewa, na tangu siku hiyo kila alipochinja alimwekea mama mashavu pembeni, yamefungwa kwenye jani. Hakuuliza tena. Wateja wengine wakitaka kuuliza, aliwakatiza kwa kupunga kisu chake hewani.

Kazi ya kuiandaa ilikuwa ya siku nzima. Mama aliibabua motoni mpaka manywele yaishe na uani kunuke, akaikwangua kwa kisu, akailoweka, akaikata vipande, akaichemsha juu ya makaa yanayoletwa kutoka Mutshatsha mpaka iwe laini na mchuzi wake ushikane. Kisha nyanya, kitunguu, mawese. Tulikula na bukari, yaani ugali, wote, kwa sababu mama hakuona ni haki mmoja ajazwe na wengine wabaki. Ndugu zangu walinenepa na kung'aa. Baba alikula kuliko mgonjwa, kisha akafuta vidole, akanisogelea na kunipima shavu kwa kidole gumba.

"Bado," alisema. "Chumba ni mukubwa."

"Tata, acha mutoto," mama alimkaripia. Alimwita tata mbele yetu, naye akamwita mama, na nilipodhani ni wakali wao kwa wao niliwaona wakiangaliana na kubana kicheko.

Mimi sikuwa na kicheko. Siku ya somo ilikuwa inakaribia na kioo hakikuniambia jipya. Mchana mmoja nilikumbuka habari ya kukwangua, nikaenda nyuma ya nyumba na kipande cha tofali, nikajisugua shavu la kushoto. Nilisugua mpaka damu. Mama akanikuta. Alinipokonya tofali akalitupa ng'ambo ya ua bila kuangalia litaangukia wapi, kisha akaniketisha, akachemsha maji ya chumvi na kuniosha.

"Usirudilie," alisema tu. "Unasikia? Usirudilie."

Kigaga cha kidonda kilipodondoka, kiliacha doa jeusi kama daktari alivyosema. Usiku wa kuamkia siku ya somo ukatukuta hivyo. Nikamkumbusha mama kwamba nilisema naacha. Hapo akaniambia amepata njia: tutajaza kwa juu. Alikuwa ameponda pemba, akaichanganya na unga wa kakao na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, akijaribu mara hii nyeusi sana, mara hii nyekundu, mpaka ikafanana na mimi. Asubuhi akanipaka kwa kijiko, akazibaziba shimo moja baada ya jingine, akalainisha kwa kidole chenye maji. Nilijitazama kwenye kioo na karibu nilie kwa furaha. Nilikuwa na mashavu.

Baba, aliyekuwa anatoka zamu, alisimama mlangoni na taa yake ya kichwani mkononi.

"Ile ya kupaka juu haishikake," alisema. "Itaanguka."

Mama alimtoa nje kwa macho. Akanipa kuku wake jike amefungwa miguu, maana somo langu lilikuwa kuku, na kwenye somo la kutazama ni lazima mnyama awepo mwenyewe. Nikaondoka na kuku kwapani, nikitembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai usoni.

Darasa lilikuwa la watoto hamsini na kitu, bati juu, madirisha mawili. Waliniamkia kwa pamoja, "Bonjour, citoyenne," yaani raia, kama tulivyoitwa wote siku zile, nami nikaweka kuku mezani. Mwanzo ulikwenda vizuri. Mdomo, kishungi, mabawa. Watoto walijibu, wakaguzi wakaandika. Halafu joto la bati likatushukia, jasho likaanza kunitoka chini ya ile pemba, na kila nilipofungua mdomo kusema nikasikia kitu kikivutika shavuni. Kipande kikaangukia mezani karibu na kuku. Kuku akakidonoa.

Macho yote yakahama kwa kuku yakaja kwangu. Katoto ka kike ka dawati la mbele kakainua kidole, kwa adabu kabisa, kakangoja nimruhusu.

"Citoyenne, uso yako iko nabanduka."

Nyuma mkaguzi mmoja akaacha kuandika. Nilijua mlango uko wapi. Nilikuwa hatua chache tu kuufikia, na nilikuwa nimeshasema tangu mwanzo kwamba nitaacha. Nikashika kitambaa cha ubao, chenye chaki, nikakilowesha kwenye ndoo ya kunawa, nikajifuta mashavu yote mawili mbele yao. Nilifuta mpaka mwisho. Kisha nikawageukia, na uso wangu ukiwa jinsi ulivyo, na doa, na mashimo yote.

Walinitazama. Nadhani walinitazama kama walivyomtazama kuku, kwa makini, wakihesabu kilichopo. Halafu kale katoto kakainua tena kidole.

"Kuku iko na meno?"

"Twende tutazame," nilisema, na nikamfungua kuku mdomo. Wakaja wote mbele, wakisukumana, wakiegemea mikono yangu, na somo likaendelea mpaka kengele.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama nje, barabarani, si mlangoni. Aliona uso wangu ukiwa mtupu kutoka mbali. Hakuuliza pemba imekwenda wapi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Yote?"

"Yote. Bamenipitisha."

Akakaa chini palepale kando ya barabara, kana kwamba mtu amemkata kamba. Nikamweleza jinsi ilivyobanduka, na kuku alivyodonoa, na nilivyojifuta, nikitaka acheke. Hakucheka. Alikuwa anapangusa machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mama, pole. Ulichoka bure. Uso haikupona."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa ninazungumzia nini.

"Uso?" alisema. "Hii uso nimeizaa mi mwenyewe, mi sionake kitu pale. Ulisema utaacha masomo. Njo ile tu nilikuwa naogopa."

Nikaketi kando yake, na ingawa nilikuwa nimeshampita kimo nikamlalia begani, na nilimpenda saa ile hata kifua kikaniuma. Alinishika shavu bila kupima kitu, akauacha mkono wake hapo.