Miwani ya Getruda

Alhamisi, tarehe 8 Mei 1975. Anga lilikuwa jeupe, na upepo wa baridi ulivuma tangu alfajiri.

Getruda ndiye aliyekagua majani ya tumbaku na kuyapanga kwa madaraja ya ubora katika kijiji chetu cha ujamaa, Urambo. Kope zake zilikuwa zimelegea hadi kufunika mboni, hivyo aliinua moja kwa kidole na kufungua mafungu ya majani kwa mkono uliobaki. Kidole kilikuwa na gundi ya tumbaku, na jicho likimwasha kutwa. Kamati ya kijiji ilikuwa imeanza kutafuta mtu wa kushika kazi yake.

Siku hiyo alipanda treni hadi Tabora, kwa Nabhan, mfua fedha wa Gongoni. Nabhan alichomelea waya mwembamba nyuma ya fremu ya miwani, ukazibeba kope.

“Mama, umeamka!” alisema Nabhan.

“Sikulala, mwanangu. Ila sasa siwezi kupepesa. Unataka niwe samaki?”

Nabhan alicheka, akaulegeza waya kidogo kidogo mpaka kope zikaweza kushuka na kupanda.

Asubuhi iliyofuata, akiwa amerudi kijijini, Getruda alifungua fungu la mwenyekiti wa kijiji kwa mikono miwili, akakuta majani mabovu yamefichwa katikati.

“Shikamoo, mwenyekiti,” alisema, akimrudishia. “Hili kalipange upya.”