Mama Rangi anakwangua alichokipaka mwenyewe

Saa mbili asubuhi jua limeshaingia sebuleni kwa fundi cherehani, na Mama Rangi amepiga magoti mbele ya ukuta alioupaka kwa mikono yake. Anaugonga kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, kisha anatulia na kusikiliza. Anachukua skrepa, lile bapa la chuma lenye mpini wa mbao, na kuanza kukwangua.

Rangi ya maziwa inatoka kwanza. Chini yake kuna buluu, na chini ya buluu kuna nyeupe ngumu inayong'ang'ania ukuta kama kupe. "Hii ndiyo yangu," anasema huku akipuliza vumbi. "Ukiona fundi mwingine kapaka nyeupe hii, ujue kaiba kwangu."

"Taratibu, dada, ukuta huo una mwenyewe," anasema fundi cherehani, ambaye tangu asubuhi anatoa maelekezo bila kushika kitu.

"Mwenyewe nilimjua kabla hajawa na ukuta."

Nyeupe inaachia kipande kwa kipande, na nyuma yake linajitokeza doa la kahawia, limenyooka kutoka pembe hadi pembe. Juu ya doa upo mstari mwembamba wa penseli. Fundi cherehani anavua utepe shingoni, ule anaopimia viuno vya wateja, anaushikiza sakafuni na kuuvuta hadi kwenye penseli.

"Arobaini na mbili!" anapiga kelele kuelekea jikoni. "Mama watoto, njoo uone! Sisi ni wa njano!"

Mkewe anakuja na mwiko mkononi, anautazama ule uchafu uliokaa ukutani kwake, na machozi yanamtoka kwa furaha. Miaka minne iliyopita aliuona uchafu huohuo na akalia kwa uchungu.

Jina la Mama Rangi la kwenye cheti wanalijua mama mkwe wake na watu wa benki tu. Ana miaka arobaini na sita, mwili mdogo, mkono mzito, na kucha ambazo hazijawahi kuwa na rangi moja. Kazi hii aliirithi kwa marehemu mumewe. Alipofiwa, miaka kumi na tisa iliyopita, alikuta ndoo tatu, brashi tano na wateja wawili waliokuwa bado wanasubiri kuta zao. Alizimaliza kuta zile ndani ya wiki mbili za kwanza za kilio chake, na tangu hapo hajaiweka brashi chini.

Mtaa wake uko bondeni, na nyuma yake unapita mto ambao kiangazi unarukwa na kuku. Masika ni habari nyingine. Katika miaka hiyo kumi na tisa mto umeingia majumbani mara tatu, na kila ulipotoka uliacha alama ya matope kwenye kuta. Kila mara aliitwa Mama Rangi.

"Hakuna aliyetaka alama ibaki," anasema. "Mwenye nyumba anasema mpangaji akiona atakimbia. Mwenye binti anaolewa anasema wakwe wakiona watatucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa najisifu. Nilikuwa nasema, ukiona nilipopita, ninyang'anye brashi yangu."

Doa la matope ni jeuri. Ukilipaka rangi ya kawaida, baada ya mwezi linachungulia tena. Marehemu alimfundisha dawa yake: kwanza piga mstari wa penseli pale doa linapoishia, kisha paka nyeupe ya mafuta kutoka sakafuni hadi shubiri moja juu ya mstari, iache ikauke siku mbili, ndipo uweke rangi. Doa halitoki tena. Wala halifutiki. Linabaki hukohuko ndani, limefungiwa.

Yote hayo yalikuwa siri ya ufundi tu, hadi mwaka huu baraza la mji lilipotoa ramani yake.

Ramani ina rangi tatu. Kijani ni salama. Njano ni nyumba ambazo maji huzifikia bila kuvuka sentimita sitini kutoka sakafuni. Wenye nyumba hizo wanaruhusiwa kukata bima ya mafuriko, na baraza linawalipia nusu. Nyekundu ni zaidi ya hapo, na wenye nyekundu hawana bima, hawana mkopo wa benki wa kukarabati, wala hawapewi kibali cha kuongeza hata choo. Wameambiwa watatafutiwa viwanja. Wapi na lini, hawajaambiwa.

Ramani ilichorwa kwa picha za kutoka angani, na kutoka angani bonde lote ni bonde. Mtaa mzima ulitoka mwekundu kama nyanya.

Kwa watu wa hapa si suala la makaratasi. Bima ya nyumba ambayo zamani Mama Rangi aliilipia kwa kazi ya siku sita kwa mwaka, mwaka jana ilimtaka siku kumi na nane. Mwaka huu kampuni haikutaja bei. Iliandika barua ya mistari minne kusema haiwezi tena. Kuhamia mlimani nako si mchezo. Chumba kimoja kule juu kinapangishwa kwa bei ya vyumba viwili na ua huku chini, na tangu ramani itoke wenye nyumba za mlimani wamepandisha tena. Majirani wawili walihama kwa hasira. Mmoja amesharudi.

Baraza lilitoa siku sitini za rufaa. Anayepinga aonyeshe ukutani maji yalipofika, ili mpima aweke rula. Picha za simu hazikubaliwi, kwa kuwa zinaonyesha maji lakini hazisemi ni ukuta wa nani.

Mpima alikuja, kijana mpole mwenye viatu safi. Aliingia nyumba ya kwanza, ukuta laini kama yai. Ya pili hivyohivyo. Katika nyumba ya saba alikunja rula yake na kuuliza kwa upole, "Jamani, hapa maji yaliingia kweli?"

Mtaa mzima ukamgeukia Mama Rangi.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka. "Watu wananitazama kama mimi ndiye nilifurika."

Aliyemwokoa ni mama mkwe wake, bibi mrefu wa miaka themanini ambaye siku hiyo alikuwa ameketi mlangoni akimenya vitunguu. Alisema bila kuinua macho: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na tulioficha ni sisi sote, msimwonee mkwe wangu. Yeye tulimwita na tukamshukuru. Wewe, mwanangu, ulichokifunika si unajua namna ya kukifunua?"

Ndivyo kazi ilivyoanza. Asubuhi Mama Rangi hupaka rangi kuta za watu wa mlimani ili apate chakula, na mchana hukwangua za majirani bure. Siku za wikendi, kama leo, hukwangua kutwa. Kila nyumba anaikumbuka. Anajua nani alitaka zambarau akajuta, nani alichanganya rangi na maji ili zienee. Mwenye nyumba za kupanga wa kona ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Unanifukuzia wapangaji!" alimfokea barabarani.

"Wapangaji wako wanakimbia maji, baba. Mimi hawanikimbii."

Siku ya tatu alimtuma mkewe, kwa mlango wa uani, aje amwite kimyakimya.

Hadi jana nyumba thelathini zilikuwa zimefunuliwa, na zote zilikuwa chini ya sitini. Ya fundi cherehani ni ya thelathini na moja. Imebaki moja tu, na majirani wameanza kunong'ona kwa nini imebaki.

"Mganga hajigangi," mama mkwe anamtania, lakini safari hii hacheki sana.

Nyumba hiyo bibi aliijenga na mumewe tofali kwa tofali. Ndimo alimomzalia mume wa Mama Rangi, ndimo alimompokea mkwe, na mwana alipofariki ndugu walikuja kuuliza kama mjane atarudi kwao. Bibi aliwajibu kwamba kwao ni hapa, na kama kuna anayeondoka basi ni wao, kwa kuwa giza linaingia. Wajukuu wawili wameshakwenda kutafuta maisha. Wamebaki wanawake hawa wawili, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye anayemtunza mwenzake.

Mama Rangi anajua nyumba hii iko chini kidogo kuliko nyingine. Mafuriko ya mwisho walikaa juu ya meza usiku kucha, yeye na mama mkwe, wamefunikwa shuka moja. Maji yalipotoka hakupima kitu. Alipiga penseli haraka, akapaka nyeupe mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, badala ya mmoja, na akajilazimisha kusahau.

Mchana wa leo skrepa inaingia kwenye ukuta wa sebule yake. Fundi cherehani yupo, mkewe yupo, na bibi ameletewa kiti. Kazi inakwenda polepole kwa sababu ya ile mikono miwili. Doa linatoka, penseli inatoka, utepe unavutwa.

Sabini na moja.

Fundi cherehani anausoma utepe mara ya pili, kana kwamba umemkosea adabu. Kisha anasogea na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, penseli unayo wewe. Msasa unao. Kijana yule atajua nini?"

Mama Rangi anaitazama penseli iliyochomekwa kwenye kilemba chake. Ingekuwa kazi ya dakika kumi: kulisugua doa, kupiga mstari mwingine kwenye hamsini na tano. Katika mji mzima hakuna ambaye angeweza kuligundua, isipokuwa yeye.

"Nisiwafiche," atasema baadaye, "niliwaza. Niliwaza sana. Nilishaona hata mahali pa kuanzia."

Anamtazama mama mkwe. "Mama, nifanye nini?"

"Nyumba thelathini na moja zimesimama kwa neno lako," bibi anajibu. "Wakikukamata na ukuta huu mmoja, zote ni za uongo. Mimi nitakaa nyekundu, mwanangu. Nimeshakaa na mambo mabaya zaidi ya rangi." Anamgeukia fundi cherehani. "Na wewe, toa utepe wako kwenye ukuta wangu."

Mama Rangi anaketi sakafuni miguuni pa bibi na kulia waziwazi, vumbi jeupe usoni mwote. Bibi anampangusa kwa pindo la kanga yake, akilalamika kwamba kanga ilikuwa imetoka kufuliwa.

Anayekuja na jibu ni mke wa fundi cherehani, ambaye kumbe ndiye pekee mtaani aliyelisoma tangazo la baraza hadi mwisho. Vipimo vyote, anasema, vinaanzia sakafuni. Na kipengele cha mwisho kinasema nyumba iliyoinua sakafu yake ndani ya siku za rufaa itapimwa upya, mara moja. Hakuna aliyekitilia maanani, maana kuinua sakafu kunataka mkopo, na mwenye nyekundu hapewi mkopo.

"Sakafu ikipanda ishirini," anasema, "sabini na moja inakuwa hamsini na moja. Na maji yakija tena, miguu ya mama inakuwa juu ishirini. Hapo hatudanganyi mtu."

"Kifusi, mawe na saruji utavitoa wapi?" anauliza mumewe.

"Nyumba ngapi zimekwanguliwa bure hapa?"

Fundi cherehani anaondoka bila kuaga, na kabla ya alasiri kuisha mkokoteni wa kwanza wa mawe unamwagwa mlangoni. Umeletwa na yule mwenye nyumba za kupanga wa kona. Anasema ni mawe yaliyokuwa yakimchafulia ua, asishukuriwe.

Zimebaki siku kumi na tisa za rufaa, ndipo mpima arudi. Majirani wamepanga zamu: watu wa nyumba mbili kwa siku, wenye nguvu wabebe, wasio na nguvu wapike. Mlango itabidi ukatwe juu, dirisha moja lisogezwe, na hakuna mwenye hakika kwamba baraza litaridhika. Ramani ikibadilika mwakani, wataanza upya. Mama Rangi anayajua yote hayo na hayapambi.

Bibi ana lalamiko lake pekee. "Sakafu ikipanda na mlango ukiachwa mfupi, nitainama. Miaka hamsini nimeishi humu sijamwinamia mtu."

"Tutaukata, mama. Tutaupima kwa kilemba chako."

Akiulizwa atapaka rangi gani kazi ikiisha, Mama Rangi anacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana. Juu atapaka kijani cha majani, kwa sababu bibi anakipenda. Chini, kuanzia penseli kwenda sakafuni, hatapaka kitu, na ndivyo atakavyomwambia kila mteja wa bondeni kuanzia sasa. Asiyetaka atafute fundi mwingine.

"Miaka kumi na tisa nimewafichia watu maji," anasema, akiliinua jiwe la kwanza kutoka kwenye rundo. "Sasa anayeingia humu, awe mpangaji, awe mkwe, awe mtu wa bima, ayaone kwanza, ndipo atuamkie."