Waliokuwa Nyuma Yake

Alianza kucheza raga akiwa na miaka thelathini na miwili. Katika umri huo wenzetu wengi walishaota vitambi na kubaki kusimulia mechi walizocheza shuleni. Kabla ya hapo hakuwa ameugusa ule mpira wenye umbo la yai hata mara moja. Aliacha shule mapema, akaenda gatini Kisumu kubeba magunia, na huko ndiko tulikomwokota. Nasema tulimwokota kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Klabu yetu ilikuwa ya makarani wa benki, walimu kama mimi, na watu wa forodha, na Jumamosi hiyo jamaa yetu mmoja mnene wa mstari wa mbele alikuwa amekwenda kuoa bila kutuaga.

Nahodha wetu alikuwa karani wa forodha, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani akaoa huku. Kila siku dirishani kwake alikuwa akimwona kuli mmoja akipanda ubao wa meli na gunia la sukari kisogoni, kichwa kimeinama, haangalii kulia wala kushoto. Basi akamfuata na kumuuliza kama angependa kusukumana na watu bila gunia. Yule kuli alicheka, akanawa miguu, akaja.

Kwa asiyeijua raga, nieleze kidogo. Kuna kitu kinaitwa skramu. Watu wanane wa timu moja wanainama na kushikana, wanane wa timu ya pili vilevile, halafu vichwa vinaingia katikati ya mabega ya adui na kusukumana kunaanza. Mbele wanakaa watatu. Mimi, kwa ufupi wangu, nilikuwa wa katikati, na kila upande wangu kulikuwa na dume linaloitwa propu. Mkono mmoja wa propu unanikumbatia mimi, wa pili unakamata jezi ya adui. Nyuma yetu kuna watano wengine, na uzito wao wote unapita shingoni mwa wale wa mbele. Kazi yenyewe si ya kupendeza, na sijawahi kuona msichana akija uwanjani kumtazama propu.

Mechi yake ya kwanza tuliicheka mwaka mzima. Alimwinua propu wa upande wa pili, akamweka kando taratibu kama mtu anayehamisha kuku aliyelala mlangoni, kisha akasimama kungoja aambiwe kitu kingine cha kubeba. Refa alipuliza filimbi hadi mate yakamwishia. Lakini alijifunza. Aliyavumilia matusi yangu, na ninapofundisha mimi huwa natukana, awe mtoto au mtu mzima. Mwaka wa tatu hapakuwa na propu kutoka Kisumu hadi Kakamega aliyeweza kumrudisha nyuma hatua mbili.

Mama yake hakutaka. Alikuwa mjane aliyekaa Ahero, pembeni kabisa mwa mashamba ya mpunga, na alikuwa amezika watoto wake wote isipokuwa huyu. Wengine walikwenda na surua, mmoja alichukuliwa na mafuriko. Kila nilipofuatana na mwanawe kwenda kumsalimu alituandalia samaki na wali, tukaanza kula, naye akaanza lawama zake.

"Mtu mzima na ndevu zake," alisema kwa Kijaluo, "anagaagaa matopeni na watoto wa watu."

"Ni mchezo tu, Mama," mwanawe alimjibu.

"Mchezo ni wa mtu mwenye ndugu. Mimi nikifa nani atanizika? Huyu mwalimu?"

Hakuwa akitania. Kwetu mama hufikiria kaburi lake mapema, na hufikiria hasa nani atasimama pale na jembe. Yeye alikuwa na jibu moja tu duniani, na jibu hilo lilikuwa likitia kichwa chake kati ya mabega ya wanaume wengine kila Jumamosi. Nilimhurumia, lakini nikaendelea kula wali wake.

Kwa nini hakuacha? Nimelifikiria hilo mara nyingi. Alikuwa amebeba mizigo ya watu tangu ndevu zilipoanza kuota, na hakuna binadamu aliyewahi kumpigia makofi kwa kufikisha gunia juu. Uwanjani watu walisimama. Hata Wahindi wenye maduka, ambao gatini walimwita "wewe," walikuja kumpa mkono. Mtu aliyeonja kitu hicho akiwa kijana hukizoea. Yeye alikionja akiwa ameshakata tamaa ya kukipata, na kikamlevya.

Akiwa na miaka thelathini na sita aliitwa Nairobi kwa majaribio ya timu ya taifa. Umri aliupunguza kidogo, nani asingefanya hivyo. Akachukuliwa. Aliivaa jezi ya taifa mechi moja tu, na Jumatatu iliyofuata alikuwa gatini akishusha pamba. Wateuzi wa timu kule Nairobi walisema hawajaona shingo kama ile. Nasi tuliisifu. Ilikuwa pana kuliko kichwa, na nyuma ilikuwa na kinundu kigumu cha nyama mahali gunia lilipokuwa likikaa. Wachezaji wapya tuliwaambia wakishike wajue mwanamume ni nini. Hakuna hata mmoja wetu, na elimu zetu zote, aliyejiuliza kile kinundu kilikuwa kinafunika nini.

Siku moja tulikuwa tukinywa chai kibandani Nyalenda, kikombe kikamponyoka. Alikiangalia pale chini kana kwamba kimedondoshwa na mtu mwingine.

"Omera, ndugu yangu, mkono iko na nini?" nilimuuliza.

"Imelala tu. Itaamka."

"Imeanza kulala lini?"

"Tangu mwaka jana. Wacha hiyo maneno, Mwalimu."

"Si uende uone daktari?"

"Daktari ataniambia niwache gunia ama niwache mpira. Nikiwacha gunia nitakula nini? Nikiwacha mpira nitarudi kuwa nani?"

Nilimtukana. Nilimwambia kichwa chake ni gunia pia. Alicheka, akaomba chai nyingine, akaishika kwa mikono miwili.

Ilitokea wakati wa masika, nyumbani kwetu Kisumu, uwanja ukiwa umelowa hadi nyasi zinaelea. Skramu iliingia vibaya, upande wake ukateleza. Sisi watatu wa mbele tukaenda chini, na watano wa nyuma hawakujua, kwa sababu wa nyuma haoni chochote ila makalio ya aliye mbele yake. Wakaendelea kusukuma kama walivyofundishwa. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa gotini. Nilidhani ni mimi. Kisha mkono wake ulioshika mgongo wangu ukalegea, na mtu huyo katika miaka yote hakuwahi kuulegeza kabla ya filimbi.

Alilala chali, mvua inamwingia machoni, asipepese. "Mwalimu," aliniambia, "miguu yangu iko?" Nikamwambia iko. Alifariki wodini wiki iliyofuata. Daktari aliyemhudumia alitueleza kwamba mifupa ya shingo ilikuwa imesagika kwa miaka, kwamba ile shingo tuliyoisifu ilikuwa imesimama kwa nyama peke yake. Niliondoka kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa na hasira na sikujua nimpige nani.

Tulikwenda Ahero kumzika, tukiwa kumi na wanne ndani ya lori, tumevaa jezi zetu zilizofuliwa na kupigwa pasi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba jeneza tutalibeba sisi. Lilikuwa kubwa, fundi alilazimika kuunga mbao, na nani zaidi yetu aliyeujua uzito wake? Mto ulikuwa umefurika na maji yamesimama kila mahali. Kutoka barabarani tuliona vijana wa ukoo wakikimbiza mafahali na kupiga kelele, wakikifukuza kifo kitoke bomani. Wanawake walikuwa wakilia. Penye lango la ua wa minyaa alisimama baba mdogo wa marehemu, akatuzuia kwa mkono, kwa heshima kabisa.

"Karibuni. Lakini kwanza nauliza," alisema kwa Kiswahili, kwa ajili ya nahodha. "Mtoto wetu hakugongwa na gari. Hakuwa mgonjwa. Sasa iliua yeye ni nini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Nahodha akaniwahi. Alikuwa ameiandaa hotuba yake ndani ya lori, maskini.

"Mzee, kifo ni amri ya Mungu. Lakini nataka ukoo ujue kwamba hakuwa peke yake. Sisi wote tulikuwa nyuma yake tunamsukuma. Hatukumwacha hata dakika moja, mpaka mwisho."

Wanaume waliokuwa karibu wakageuka kututazama. Kwa nahodha hayo yalikuwa maneno bora kabisa ambayo mchezaji wa raga anaweza kusemewa. Lakini huko kwetu mtu aliyetoa uhai wa mwenzake, hata kwa bahati mbaya, haingii kwenye msiba wake. Haoni maiti, hali chakula cha pale, hatupi udongo, hadi atakaswe, na kutakaswa ni shughuli inayofanywa baadaye kabisa. Mzee aliuliza kilichoua, na timu nzima, kwa mdomo wa nahodha, ikajibu kwa fahari: sisi.

"Asante kwa kusema ukweli," mzee alisema. "Basi msiingie."

"Tumekosa nini?" nahodha aliuliza, akanigeukia. "Mwalimu, nimesema nini vibaya?"

Nikaanza kueleza. Nilisema ni mchezo, una sheria, una refa, kila mtu anasukuma. Kila nilichoongeza kilizidi kutuchimbia shimo.

"Mwalimu, sijasema mlifanya kusudi," mzee alinikatiza. "Kama ingekuwa kusudi hatungeongea hivi. Nasema tu boma hii hamuingii."

Niliwakasirikia wote wawili, mmoja kwa kutojua na mwingine kwa kujua sana. Nilikuwa bado nabisha alipotoka msichana ndani akasema mama ananiita, mimi peke yangu. Mzee akasita, kisha akanionyesha kwa kidole mlango wa nyumba. Nikapita.

Alikuwa ameketi chini kando ya jeneza, miguu ameinyoosha, kitambaa kimemdondoka kichwani. Sikulitazama jeneza. Alinipa nafasi mkekani lakini sikuketi.

"Wanasema mlikuwa mnamsukuma," alisema.

"Wa nyuma ndio wanaosukuma, Mama. Mimi nilikuwa kando yake."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimemshika."

Nilisema hivyo kwa matumaini, sina haja ya kuficha. Nilitaka sana kuingia kwenye maziko yale. Niliona hapo ndipo mlango ulipo, kwamba kati ya watu wote mimi ndiye nilikuwa nimemshika rafiki yangu.

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Ndivyo inavyotakiwa."

"Na yeye, mikono yake ilikuwa wapi?"

"Mmoja ulikuwa umenishika mimi. Wa pili ulimshika yule wa timu nyingine."

Aliuangalia mkono wake mwenyewe. Nje fahali mmoja alikuwa akilia.

"Mtu akianguka hutanguliza mikono," alisema. "Mtoto mdogo hafundishwi hilo, anazaliwa nalo. Wangu hakuwa na hata mkono mmoja wa kutanguliza."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa tu amefika mwisho wa hesabu yake, na hakukuwa na kosa ndani yake. Nilisubiri aniambie nikae au nitoke. Yeye akaanza kulipangusa jeneza kwa kile kitambaa, ingawa halikuwa na vumbi. Nikatoka mwenyewe. Nilipita mbele ya baba mdogo, nikavuka lango, nikasimama na wenzangu.

Walimzika mchana huohuo. Kaburi lilikuwa linaingia maji, vijana wawili wakawa wanayachota kwa ndoo hadi dakika ya mwisho. Wazee wa ukoo walilibeba jeneza, wakateleza, likainama upande, na sisi sote kumi na wanne tukanyoosha mikono hewani juu ya minyaa, mbali nalo. Mama yake alitupa udongo wa kwanza. Halafu alichukua jembe kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu, akavuta udongo mara kadhaa, mweusi, umeshikana na maji, na watu wakamwacha afanye hivyo kwa sababu hapakuwa na mtoto mwingine wa tumbo lake wa kumpokea lile jembe.