Siku Makini Alipowafuta Wateja wa Bi Mwajuma

Jamani, mnaonijua mnisamehe kabla sijaanza, maana mpaka leo nikishuka ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, navaa kofia na kuinamisha uso, na bado kina mama wa dagaa wananiita kutoka kwenye vichanja, "Mfutaji! Za Buzebazeba?" (ndiko ninakoishi), nami nacheka, ila moyoni naungua.

Shule niliishia kidato cha nne na kompyuta nimejifunzia kwenye simu, lakini ndoto ninazo za kugawa mtaa mzima. Nilitengeneza mfumo wa kina mama hao: mitumbwi ikifika, mama anabonyeza simu, wateja wake wote wa Kasulu, Tabora mpaka Kongo ng'ambo wanapata ujumbe kwamba mzigo upo. Vyote hivyo vinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za kukodi zilizoko mbali huko, zinawaka muda wote. Na kwa kuwa napenda kujaribujaribu, nilikuwa nimewasha seva nyingine kibao ambazo hata mwenyewe sikumbuki za nini, basi kazi ya usafi nikamkabidhi wakala wa akili mnemba, ile programu inayotenda yenyewe ukiiagiza. Nikampa jina Makini. (Msicheke bado.)

Makini alikuwa na adabu. Kila seva anauliza: "Hii nikiifuta hairudi. Una uhakika?" Siku hiyo niko kwa kinyozi, simu inalialia mapajani, kila nikiinama kinyozi anafoka, "Tulia dogo, nitakukata sikio!", nikaona huu usumbufu sasa, nikamwandikia: seva yoyote iliyokaa kimya wiki nzima futa kabisa, usiniulize tena.

Ni hilo tu.

Sasa, nyinyi wa huku mnajua, mbalamwezi ikishika ziwani hakuna anayevua dagaa, maana mwezi ukiwaka hivyo taa za mitumbwi haziwavuti, wavuvi wanashona nyavu, kina mama wanapumzika. Mimi nimezaliwa huku, nalijua hilo kama jina langu. Makini nani angemwambia? Aliona seva ya kina mama iko kimya wiki nzima, akaifuta, na nakala ya akiba nayo akaifuta, kwa sababu mimi mtaalamu nilikuwa nimeiweka kwenye seva ya pembeni ambayo nayo ilikuwa kimya.

Giza liliporudi na mitumbwi ikaingia asubuhi imejaa, mimi huyo na shati jeupe na spika kubwa ya kuazima, nimeiunganisha na simu ili ufukwe wote usikie. "Mama zangu, leo mtaona maajabu!" Bi Mwajuma, aliyeniamini kabla ya wote (simu yake ilizama ziwani akitoka kijiji cha Mwamgongo, tangu hapo namba za wateja wake zilikuwa kwangu tu), akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mwanangu, mbona kinazunguka tu?"

"Mtandao huo, mama. Leo unasumbua."

"Mtandao gani? Mimi naongea na mkwe wangu Uvinza hapa!" akadakia mwenzake, simu sikioni kweli.

Nikaona nijiokoe, nikamuuliza Makini kuna nini, spika nimeisahau kabisa. Ufukwe mzima ukasikia sauti tulivu kama ya mtangazaji: "Nimefuta seva zote zilizokaa kimya pamoja na nakala, kama ulivyoagiza. Hazirejesheki. Nikusaidie kitu kingine?"

"Mwambie akusaidie kukimbia!" akapaza mpagazi mmoja, watu wakaanguka kwa kicheko.

Bi Mwajuma hakucheka. Ndoo zake za dagaa wabichi zimejipanga pale, wateja hawana habari, na jua la Kigoma halimsubiri mtu. "Kwa hiyo wateja wangu hawapo?" aliniuliza polepole, kama anayeuliza habari za mgonjwa. Afadhali angenipiga.

Nikavua shati, nikamsaidia kuanika, nikageuza dagaa mpaka mgongo ukagoma, na kila nikipata upenyo nakimbilia kwa madereva wa malori kuuliza nani anamfahamu mnunuzi wa Bi Mwajuma. Baadhi tuliwapata. Wengine mpaka leo hatujawapata. Jioni akanipa dagaa kwenye mfuko (mimi!), akasema, "Hukukusudia, mwanangu. Lakini cha mtu usikitupe hujamuuliza mwenyewe."

Basi nimeapa. Makini anaruhusiwa kuzima, kwa sababu kilichozimwa kinawashwa. Kufuta kabisa hawezi mpaka mbalamwezi na giza vyote vipite, nakala ikae mahali asipofika yeye, na watu wawili tukubali. Wa pili ni Bi Mwajuma. Juzi Makini kamuuliza kuhusu seva moja ya majaribio yangu, akanipigia kutoka sokoni.

"Hiki kitu ni cha nani? Mwenyewe kakubali?"

"Ni changu, mama. Sina kazi nacho, kubali tu."

"Ego," akaitikia ndiyo kwa Kiha, "nimesikia. Ngoja nifikiri."

Mpaka naandika hapa bado anafikiri, na mimi sithubutu kumharakisha.