Vibao vya Sakafu na Rezika wa Chini

"Rezika wa chini akishajua unabadilisha sakafu, umekwisha," jirani Mandica alisema pale kwenye ngazi za ghorofa, kikapu cha pilipili hoho kikiwa kiunoni. "Atakuja kwa upole, kibao hiki kibovu, kile kimepinda, kisha anaondoka navyo. Unadhani jiko lake linawaka kwa nini kipindi chote cha baridi? Kwa sakafu za watu."

Jasenka alicheka kidogo, akamhamishia mwanawe Evica bega la pili. Hakuwa mtu wa kubishana. Lakini alipoingia ndani alifunga mlango kwa ufunguo.

Maana vibao vilikuwa vimeshafika. Vilikuwa vya mwaloni kutoka misitu ya karibu na mji wao wa Vinkovci, daraja la chini, vina vifundo na rangi za kila namna, kwa kuwa ndivyo walivyovimudu. Mama mkwe aliviona akaguna. "Vifundo hivi ni vya zizi la farasi." Mumewe, Kruno, yeye alitaka watandike mkeka wa plastiki, mambo yaishe. Aliyeng'ang'ania mbao ni Jasenka. Evica alikuwa ameanza kujiburuta kwa tumbo, na tangu wabandue sakafu ya zamani iliyooza, chini palikuwa saruji tupu, baridi kama kisima. Fundi Vinko angekuja Jumatatu. Zamu yao ikiwapita, mpaka baada ya Krismasi, na mtoto angetambaa juu ya saruji msimu mzima wa theluji.

Fundi alikuwa amewaagiza wafungue mafungu mapema, vibao vizoee hewa ya nyumba. Jasenka akavifungua vyote, akavipanga chumba kikubwa, mkabala na jiko.

Ila ilikuwa Septemba. Mji mzima ulinuka pilipili hoho za kuchoma, na mwanamke asiye na chupa za rojo ya hoho za akiba kwenye rafu huulizwa kama anaumwa. Jasenka naye akachoma, akamenya, akasaga, akabandika sufuria kubwa, chupa zikachemka humo tangu asubuhi. Madirisha aliyafunga yote, mtoto asipigwe na upepo wa kupita, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake.

Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa Rezika, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, kitambaa kimefungwa nyuma ya shingo.

"Rojo yako inanukia mpaka kwangu," alisema. "Nimekuja kusalimu."

Jasenka aliyakumbuka ya Mandica, akaacha mlango nusu. Rezika hakusukuma. Alitazama tu juu ya bega lake, kwenye kioo cha dirisha, ambako maji yalikuwa yakitiririka kama mvua imenyesha ndani.

"Mwanangu," akasema polepole, "zima moto."

Akaingia, akaokota vibao viwili, akajaribu kuvichomeka ubavu kwa ubavu. Havikuingia. Akajaribu vingine. Navyo vikagoma.

Jasenka alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Nimeviua, shangazi?"

"Vimekunywa mvuke, vimevimba. Vimekunywa, havijalewa. Vitatema. Fungua madirisha."

"Na mtoto? Upepo."

"Mtoto tunashuka naye. Na sufuria, na chupa, na hizo pilipili. Jiko langu halina mbao za kuharibu."

Hakuwa nazo kweli. Kando ya jiko la Rezika kulikuwa na sanduku limejaa magunzi ya mahindi ya kuwashia moto, na sakafuni mkeka wa plastiki uliochakaa hadi maua yake yamefutika. Jasenka aliona, akaona haya. Walimaliza chupa pamoja, Evica akilala kwenye kapu la nguo.

Jumatatu Vinko alikuja, akajaribu kibao, akatikisa kichwa, akaanza kukusanya vyombo vyake. Rezika alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi, wewe? Anza na jikoni kwa Mandica, anakungoja wiki ijayo. Hapa urudi vikikauka. Nilikuwa nikikufuta kamasi ulipokuwa mtoto, usinikunjie uso."

Vinko akacheka, akaenda. Mandica, kwa kupata zamu mapema, alishinda ngazini akisema kwamba Rezika ni mtu wa Mungu.

Siku zile za kungoja, Rezika alipanda kila asubuhi na birika lake la kahawa, wakachagua vibao. Alikuwa ameingia kiwanda cha vibao vya sakafu akiwa msichana, akawekwa meza ya kupambanua, kibao kinapita, unakitazama kwa pumzi moja, unakirusha rundo lake. Mumewe alizikwa mapema. Wanawe wawili, aliowalea kwa kazi hiyo, sasa wako Ayalandi, hupiga simu Jumapili. Hayo aliyasema huku akigeuza kibao kuelekea dirishani, akikipitishia dole gumba, kana kwamba anafuta uso wa mtoto.

"Vyeusi weka mlangoni. Vyeupe dirishani, jua litavipaka rangi. Na hivi vyenye vifundo, vya zizi la farasi?"

"Chini ya kabati," Jasenka alisema.

"Katikati. Mtoto anataka kitu cha kutazama akiwa chini."

Vibao vilitema, vikashikana. Sakafu ilipokwisha kutandikwa na kupakwa mafuta, Evica alijiburuta moja kwa moja hadi kwenye kifundo kikubwa, akakilamba. Hata mama mkwe alicheka. Jasenka alisimama kando ya Rezika kizingitini.

"Shangazi, nikupe nini mimi?"

"Rojo nimeshakula."

"Sema kweli."

Rezika aliitazama sakafu. "Vibao vyangu vyote vilipakiwa malori. Vilikwenda Italia, vilikwenda Ujerumani. Sijapata kusimama juu ya hata kimoja nilichokichagua mwenyewe. Na huku kwetu ukiingia kwa mtu, hujamsalimu, ameshakusukumia ndara, usije ukapata baridi ya miguu." Akaegemea mwimo wa mlango, akaanza kuvua soksi. "Leo usinipe ndara, mwanangu. Niache nitembee hivi hivi mpaka dirishani."