Mapunye Wiki za Kabla ya Idd

Mdogo wetu wa mwisho ana miaka sita, na mwaka huu alitaka jambo moja tu: asukwe Idd. Nilipomkalisha barazani nimchane, nikakuta duara lisilo na nywele, lenye magamba, na jengine dogo karibu na sikio. Mapunye! Alikuwa akiyaficha chini ya mtandio, mtandio ambao yeye na dada yake wa kati huvaa kwa zamu.

Tangu wazazi watutoke, mimi ndiye mama na baba. Shule niliiacha darasa la saba, lakini mlango wa zahanati siuogopi. Shangazi alitaka kwanza tumsugue kwa ndimu na jivu. Mtoto alishafika kwa jirani kabla ndimu haijakatwa.

Kule zahanati daktari alikagua vichwa vya wadogo zangu wote wawili. Mkubwa alikuwa salama.

"Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, mwanangu," aliniambia. "Mapunye yameingia kwenye mizizi ya nywele. Ameze dawa hii wiki kadhaa, pamoja na chakula chenye mafuta. Na asiache akiona nywele zimeota."

Akaagiza pia: kitana, mtandio na foronya, kila mtu na chake.

Basi kila jioni nikakuna nazi, nikampikia kibakuli cha wali wa tui zito. Dada yake akaingiwa na wivu.

"Dada, hata mimi kichwa chaniwasha."

"Wapi?"

"Kote. Hasa nikisikia harufu ya wali."

Nywele zikaanza kuchipua, na Idd ikakaribia. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Nimepona! Nisuke!"

"Dawa haijaisha. Nywele changa nikizivuta zitang'oka."

"Wewe una roho ngumu kama jiwe la kusagia," Shangazi alinirukia. "Idd ni mara moja, msuke mtoto!"

Sikumsuka. Alivaa gauni jipya na mtandio wake mwenyewe, akanuna mpaka biriani ilipopakuliwa, na mkono wa Idd alimpa kila mtu isipokuwa mimi.

Dawa ilipokwisha, daktari akasema amepona. Jioni ile ile nikamsuka. Vimkia vilikuwa vifupi, vimesimama wima kama pembe za kibuzi. Akajitazama kwenye kioo, akautupa mtandio kitandani, akatoka mbio kichwa wazi, nyumba hadi nyumba, akipiga hodi na kusema, "Idd mubarak!"

Idd ilikuwa imeshapita zamani. Alirudi na halua mikono miwili, akanimegea kipande kikubwa.