Siku Nilipomtafsiria Bibi

Nimepanga vyumba miji mingi, Kahama, Mpanda, Makambako, na sasa Tunduma, na kote huko kuna harufu moja inayonitoa sokoni kabla sijanunua nilichofuata. Ni harufu ya turubai jipya la plastiki likipigwa na jua la saa saba. Wengine wakiinusa hufikiria mahindi ya kuanika. Mimi hupandwa na hasira, na kwa kuwa muuza maturubai hana kosa, huondoka.

Wakimbizi wa Rwanda na Burundi walipoingia Ngara nilikuwa na miaka kumi, nasoma darasa la tatu. Kutoka kwetu Kanazi hatukuiona kambi yao ya Benaco, mji mzima wa maturubai, lakini kambi ilitufikia. Kuni zilipungua, mbuzi wakaanza kupotea, na vipande vya turubai la bluu vikaingia kila nyumba. Mama alianikia mtama juu ya kimoja. Kisha wakaja watu wa msako, kutafuta wakimbizi waliojificha vijijini.

Waliongozwa na ofisa mmoja aliyetoka mbali, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Nadhani kazi ilimshinda tangu siku ya kwanza. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Kinyarwanda ni binamu yao. Ukifumba macho mnadani huwezi kujua nani amezaliwa hapa na nani amevuka jana. Kwa hiyo aliamua kuuliza kila mtu swali moja: wewe ni mtu wa wapi?

Bibi Stefania, mama yake baba, alikuwa amekaa barazani akimenya ndizi za kupika. Kiswahili hakukijua wala hakukitafuta. Alikuwa akisema, "Kiswahili ni cha kuuzia kahawa, na kahawa anauza babako." Baba na mama walikuwa shambani, hivyo mkalimani nikawa mimi. Nilijinyoosha. Nilikuwa wa pili darasani kwa Kiswahili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Muulize bibi yako ni mtu wa wapi."

Hapa inabidi niwaeleze jambo ambalo ofisa hakulijua. Kwetu, mzee wa rika la Bibi akiulizwa ni wa wapi, hakutajii kilima anacholala. Kilima anakiona kila mtu. Hukutajia mtawala ambaye baba wa mzee huyo alimpelekea pombe ya utii. Baba yake Bibi alikuwa akijitwika mtungi wa pombe ya asali, anavuka mto Ruvuvu, anautua kwenye boma la Mwami, mfalme wa Burundi, kisha anarudi kwenye migomba yake hapa hapa. Wakati huo hapakuwa na mpaka wa kumzuia. Mjerumani alikuja akamkuta anapeleka. Mbelgiji akaja, bado anapeleka. Mwingereza ndiye aliyepewa upande wetu na wakubwa wenzake huko Ulaya, akamwambia kwamba ng'ambo ya mto sasa ni nchi ya wengine. Migomba ile ilitawaliwa na Wazungu wa aina tatu na haikubadili hata ladha.

Basi Bibi akaweka kisu chini, maana swali la heshima hujibiwa kwa heshima. Akasema kwa Kihangaza, taratibu, nami nikatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza, kama mwalimu alivyotufundisha:

"Anasema yeye ni mtu wa Mwami wa Burundi."

Mgambo mmoja akacheka. "Huyu kachelewa lori la wenzake."

Ofisa akaandika. Hakuuliza la pili. Nilimwambia kwamba Bibi ni wa hapa, akaniambia, "Mtoto, umeshatafsiri, inatosha." Wakampandisha Bibi kwenye lori la kwenda Benaco, na kanga aliyovaa tu. Aliniita kutoka juu, akaniuliza, "Umewaambia nini?" Nikamjibu, "Ulichosema, Bibi." Akatikisa kichwa kuafiki. Hadi leo naona angenitukana ingekuwa nafuu.

Baba alikimbia hadi ofisini. Wakamdai karatasi za Bibi. Mwenyekiti wa kijiji akaandika barua, wakasema wenyeviti huandika chochote wakipewa pombe. Baba akaenda misheni, padre akafungua daftari la ubatizo la zamani, na jina la Bibi lilikuwamo, kwa mwandiko mzuri wa Kizungu. Lakini aliyembatiza alikuwa padre wa siku za Mbelgiji, na kwenye nafasi ya nchi aliandika Urundi, jina la Burundi la wakati huo. Baba alilikunja koti lake, akatoka bila kuomba nakala. Karatasi pekee ya Bibi ilikuwa inamshitaki.

Bibi hakungoja. Siku ya nane alitoka kambini pamoja na wanawake waendao kukata kuni, akakata nao msituni, kisha wao wakarudi Benaco, yeye akashika njia ya Kanazi. Alitembea siku mbili. Aliingia uani na mzigo wa kuni kichwani, miguu imevimba kama viazi vikuu, akautua jikoni na kumwambia mama, "Huko kuni hazipatikani. Hizi usizichome ovyo." Tulicheka na kulia pamoja.

Jambo ninaloshindwa kulisamehe lilikuja baadaye. Tuliogopa msako utarudi, na baba akanipa kazi. Kila jioni, kwa wiki tatu, nilimkalisha Bibi barazani nikamfundisha sentensi moja ya Kiswahili: mimi ni Mtanzania, nimezaliwa Kanazi. Alisema "nimezariwa." Nilimsahihisha. Aliposahau, nilimrudisha mwanzo, kama tulivyofanywa shuleni, na nilifurahia sana kuwa mwalimu wa mtu mzima. Mara moja aliniuliza, "Na baba yangu nimweke wapi?" Nikamwambia haulizwi habari za baba yake.

Ofisa alirudi. Bibi akasimama, mikono ubavuni, akaisema yote bila kukwama. Ofisa akacheka, akaniambia, "Umeona? Bibi ameelimika." Akapita nyumba ya pili. Nyumbani tulishangilia, mama akapika kuku.

Bibi aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Tangu siku ile, wageni wa heshima wakimwuliza ni wa wapi, hata wazee wenzake waliouliza kwa Kihangaza na kungoja jibu la kizee, alijibu kwa Kiswahili kwamba amezaliwa Kanazi. Hakumtaja tena baba yake wala mtungi wake. Nilidhani amezoea, nikajivunia.

Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walimpokonya baba yake nchi upande mmoja wa mto, lakini hawakuweza kumfanya Bibi amkane. Kazi hiyo ilinisubiri mimi, wa pili darasani kwa Kiswahili.